Durkheim, Marx na vilima vya Buha

Sosholojia chuoni huanzia kwenye nadharia, na tatu kati yake hazikosekani katika mtaala wowote: uamilifu, mgongano, na mwingiliano wa ishara. Baada ya hizo huja mtazamo wa kijinsia, kisha hoja za wasomi wa nchi zilizotawaliwa na wakoloni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Dodoma au Chuo Kikuu Huria hupitishwa humo kwa muda mfupi, kwa Kiingereza, akitegemea vitini vilivyotolewa fotokopi mara nyingi hadi herufi zimefifia. Wanafunzi huviita desa. Desa humpa majina ya waasisi, miaka ya vitabu, ubora wa kila nadharia na udhaifu wake. Kwa kuwa mtihani nao hupenda kuuliza ubora na udhaifu, mtu anaweza kuvuka mwaka bila kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, na bila kuitumia nadharia hata moja kutazama kitu anachokijua.

Anayetoka nyanda za juu za Kigoma hupoteza zaidi kwa utaratibu huo. Kasulu, Kibondo, na Kakonko ambayo ilikuwa sehemu ya Kibondo hadi mwaka 2012, ni sehemu zilizoandikwa sana na watafiti wa jamii. Manamba wa mkonge, ugonjwa wa malale, vijiji vya ujamaa, wakimbizi wa Burundi na Kongo, vyote vimepita hapo, na kila kimoja kimeacha vitabu au tasnifu. Kila mtafiti alikuja na nadharia yake, na nadharia hiyo ndiyo iliyoamua nani ahojiwe na nini kihesabiwe. Vilima ni vilevile, lakini masimulizi hayafanani.

Uamilifu ndio mkongwe. Auguste Comte, Mfaransa aliyeipa taaluma hii jina mwishoni mwa miaka ya 1830, aliandika katika nchi iliyochoshwa na mapinduzi, na alitaka kujua jamii inashikamanaje. Mwingereza Herbert Spencer aliifananisha na mwili wenye viungo, kila kiungo na kazi yake. Émile Durkheim, aliyeanza kufundisha Bordeaux mwaka 1887, ndiye aliyelipatia suala hilo ushahidi. Kitabu chake cha mwaka 1893 kilitenganisha mshikamano wa watu wanaofanana na mshikamano wa watu wanaohitajiana kwa kuwa kila mmoja anafanya kazi yake. Kile cha mwaka 1897, kuhusu watu wanaojiua, kilionyesha kwa takwimu kwamba hata uamuzi ambao mtu huufanya akiwa peke yake una jamii nyuma yake. Talcott Parsons wa Marekani akaugeuza uamilifu kuwa mfumo mzito mwaka 1951, mfumo ambao leo husomwa zaidi ili ukosolewe. Robert Merton, katika kitabu chake cha mwaka 1949, aliutendea wema kwa kutenganisha kazi iliyokusudiwa ya taasisi na kazi ambayo hakuna aliyeitangaza.

Mtazamo huu ukipelekwa Buha, nchi ya Waha katika nyanda hizo za Kigoma, hukutana kwanza na ubugabire. Kabla ya ukoloni, na kwa muda mrefu ndani ya ukoloni, nchi ya Waha iligawanyika katika tawala kadhaa. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, na majina ya Muhambwe na Buyungu bado yanabebwa na majimbo ya uchaguzi ya Kibondo na Kakonko. Mwami, yaani mtawala, na jamaa zake, wengi wao wa koo za Kitutsi, walikuwa na ng'ombe. Waha wengi walikuwa wakulima. Katika ubugabire mwenye ng'ombe alimkabidhi mkulima mnyama. Mkulima alipata maziwa, samadi ya migomba na mtu wa kumtetea mambo yakimharibikia. Mwenye ng'ombe alipata kazi za shambani, utii na heshima. Mwanauamilifu huona hapo uzi unaoshona tabaka mbili kuwa jamii moja. Mwenye mtazamo wa mgongano hutazama ng'ombe yuleyule akauliza ndama ni wa nani.

Mfano unaomfaa Merton kuliko mwingine wowote uko Kibondo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwaondoa maelfu ya watu wa Buha kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, mbali na mbung'o, ili kuzuia malale. Hiyo ndiyo kazi iliyotangazwa, na haikuwa ya uongo: malale yalikuwa yakiua. Lakini watu waliokusanywa mahali pamoja huhesabika, hutozwa kodi kwa urahisi na hufikiwa haraka na wakala anayetafuta vibarua. Mashamba ya zamani yalirudi kuwa pori, na pori likaongeza mbung'o. Mwanafunzi akiulizwa maana ya matokeo yasiyokusudiwa hana haja ya kukariri mfano wa mbali.

Udhaifu wa uamilifu huonekana hapohapo. Ukishasema kila taasisi ina kazi, ni rahisi kusahau kuuliza kazi hiyo inamfaa nani. Hapo ndipo Karl Marx anapoingia, na pamoja naye Max Weber, ingawa desa nyingi humweka Weber kando kama mpatanishi. Marx, tangu ilani ya mwaka 1848 hadi juzuu ya kwanza ya *Capital* mwaka 1867, alishikilia kwamba historia husukumwa na mvutano kati ya wenye njia za uzalishaji na wanaowafanyia kazi. Weber alikubali kwamba mali hugawa watu, akaongeza kwamba heshima na madaraka huwagawa pia, kwa namna ambazo si lazima zifuatane na mali. Mwami aliyefilisika bado ni mwami, na ofisa mgeni mwenye mshahara mdogo ana muhuri.

Kwa mtazamo wa mgongano, Kigoma ni kisa kilichoiva. Kodi ya kichwa ililipwa kwa fedha taslimu, lakini kwa miaka mingi nyanda za juu hazikuwa na zao la kuuza lenye soko la maana. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilifungua njia ya kutoka. Kilichobaki kwa kijana wa Kasulu au Kibondo kilikuwa kuuza nguvu zake, na soko la nguvu hizo lilikuwa upande wa pili wa nchi, katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kama SILABU, na mikoa ya magharibi ikawa ghala lake. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1979 kuhusu historia ya Tanganyika, alionyesha jinsi uchumi wa kikoloni ulivyozipa sehemu za nchi majukumu tofauti: nyingine kulima mazao ya kuuza nje, nyingine kulisha miji na mashamba, nyingine kutoa watu. Buha ilikuwa ya kutoa watu. Kwa maelezo hayo, kuchelewa kwa Kigoma katika barabara, viwanda na elimu si bahati mbaya ya jiografia wala uzito wa wenyeji, kama ilivyozoeleka kutaniwa. Sehemu inayotegemewa kutoa vibarua haina sababu ya kujengewa kitu kitakachowafanya vibarua wabaki nyumbani.

Hoja ya aina hiyo ndiyo iliyokipa jina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha historia pale Mlimani alipoandika kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972. Issa Shivji alikuwa ameshaandika mwaka 1970, katika jarida la wanafunzi la *Cheche*, kwamba mapambano ya kitabaka yalikuwa yakiendelea kimyakimya ndani ya Tanzania yenyewe. Jarida hilo lilipigwa marufuku mwaka huohuo. Sosholojia ya Dar es Salaam ilikulia katika mabishano hayo. Katika nyakati hizo idara iliongozwa na Archie Mafeje wa Afrika Kusini, ambaye makala yake ya mwaka 1971 ilidai kwamba ukabila, kama wanaanthropolojia walivyouandika, ulikuwa itikadi iliyowafaa watawala kuliko maelezo ya jinsi watu walivyoishi. Watu wa Heru, Muhambwe na Buyungu, waliokuwa chini ya wami mbalimbali kabla ya kuwekwa wote katika safu moja ya daftari la mkoloni, ni ushahidi ambao Mafeje angeweza kuutumia.

Mwaka 1972 una uzito wake Kigoma pia. Wakati kitabu cha Rodney kinatoka, Operesheni Kigoma ilikuwa ikiwahamisha wananchi wa mkoa huo kwenda vijiji vya ujamaa, kabla Rais Nyerere hajatangaza mwishoni mwa mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Mwaka huohuo wa 1972 mauaji ya Burundi yaliwavusha mpaka maelfu ya Wahutu. Kwa mara ya pili ndani ya miaka arobaini, mtu wa Kasulu aliambiwa ang'oe nyumba yake akajenge kando ya barabara, safari hii na serikali yake mwenyewe, kwa ahadi ya shule, zahanati na maji. Mwanauamilifu husoma operesheni hiyo kama jaribio la kuunda viungo vipya vya jamii mpya. Wenye mtazamo wa mgongano waliona dola ikimkamata mkulima. Goran Hydén, aliyepata kufundisha Dar es Salaam, alikuja na jibu lililowaudhi wa pande zote katika kitabu chake cha mwaka 1980: mkulima wa Tanzania alikuwa hajakamatwa na yeyote, kwa sababu ukoo, jirani na ujamaa wa damu vilimpa pa kukimbilia. Wapinzani wa Hydén walimuuliza kama mkulima aliyelipa kodi, akaenda mkonge na kuhamishwa mara mbili anaweza kuitwa huru. Swali hilo halijapata jibu zuri.

Lakini Marx naye alikuwa na mahali asipopaona. Mwanamume alipopanda treni kwenda Tanga, kuna aliyebaki na shamba. Margot Lovett, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia ya mwaka 1996, aliichunguza Buha ya juu kati ya mwaka 1921 na 1962 kwa kufuata watu watatu: mzee, kijana aliyekwenda kazini, na mke. Uhamaji wa vibarua, ambao vitabu vya uchumi huuhesabu kwa vichwa vya wanaume, ulilazimisha mahusiano ya wote watatu kupangwa upya. Kijana mwenye fedha zake hana haja kubwa ya kumwomba mzee amlipie mahari. Mke aliyeachwa ana kazi mara mbili, na pengine sauti zaidi, pengine pungufu. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa mtazamo wa kijinsia: kuihesabu kazi ambayo haina karatasi ya mshahara. Nchini Tanzania mtazamo huo ulijengwa na wasomi kama Marjorie Mbilinyi, Ruth Meena na Bertha Koda, na unastahili zaidi ya mhadhara mmoja wa mwisho wa muhula ambao mara nyingi ndio unaoupata.

Mwingiliano wa ishara huanza chini kabisa, pale watu wawili wanapokutana. George Herbert Mead alifundisha Chicago kwamba mtu hujijua kupitia macho ya wengine. Kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1934, baada ya kifo chake, kutokana na madaftari ya wanafunzi wake, jambo la kuwafariji wanaoandika kila neno darasani. Herbert Blumer ndiye aliyeupa mtazamo huo jina mwaka 1937. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu hospitali za wagonjwa wa akili, alieleza taasisi zinazommeza mtu mzima: analala, anakula na kufanya kazi mahali pamoja, chini ya mamlaka moja, kwa ratiba asiyoipanga yeye.

Kambi ya wakimbizi hufanana na taasisi hiyo kwa mbali. Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipozuka tena, ilibeba watu zaidi ya 150,000. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka huohuo, na Mtendeli ya Kakonko mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Ndani ya kambi hizo mkimbizi alikuwa na namba, kadi ya chakula na siku ya mgawo, na kutoka nje ya kilomita nne kulihitaji kibali. Hata hivyo kambi haikummeza mtu kabisa. Kulikuwa na makanisa, kwaya, mafundi baiskeli, vinyozi, ndoa, na kwa miaka kadhaa masoko ya pamoja ambako Mha na Mrundi walipimiana maharage kabla masoko hayo hayajafungwa. Anayelazimisha nadharia ya Goffman ikae sawasawa juu ya Nduta hajawahi kuiona siku ya soko.

Utafiti unaoonyesha nguvu ya mtazamo wa mwingiliano kuliko wote ni wa Liisa Malkki. Katikati ya miaka ya 1980 aliishi na Wahutu waliokimbia mwaka 1972, kwanza katika makazi ya Mishamo, wilaya ya Mpanda, kisha katika mji wa Kigoma. Kitabu chake kilitoka Chicago mwaka 1995. Watu walikuwa wa asili moja na wamekimbia balaa moja. Wa Mishamo, waliotengwa na kuitwa wakimbizi kila siku, walijenga simulizi ndefu ya taifa lililo uhamishoni, lenye usafi wake na haki yake ya kurudi. Wa mjini walioa na kuolewa na wenyeji, wakafanya biashara, wakajitambulisha kwa namna iliyofaa mahali walipo, wengine kama Waha. Utambulisho, kwa ushahidi huo, haubebwi mpakani kama mzigo wa kichwani. Hutengenezwa na mazingira ambamo mtu anaulizwa yeye ni nani. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la mwaka 1972 walikubaliwa baadaye kuwa raia wa Tanzania.

Kwa wenyeji swali la kuulizwa ni nani halijaisha. Kiha na Kirundi husikilizana, koo zimevuka mpaka tangu kabla mpaka haujachorwa, na katika vizuizi vya barabara ya Kasulu hadi Nyakanazi lafudhi inaweza kutosha kumfanya abiria aambiwe ashuke athibitishe uraia. Malalamiko hayo yamefika bungeni zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, iliyolenga wahamiaji haramu Kigoma, Kagera na Geita, iliyaongezea uzito. William na Dorothy Thomas waliandika mwaka 1928 kwamba watu wakiiona hali fulani kuwa ya kweli, matokeo yake huwa ya kweli. Aliyezaliwa Muhambwe akishushwa kwenye basi hana budi kutembea na cheti cha kuzaliwa, na kutembea nacho huanza kuonekana kama dalili kwamba ana jambo la kuthibitisha.

Nadharia hizi hukutana katika suala lililoiweka Kigoma katika majarida ya kimataifa: ujio wa wakimbizi uliwafanya nini wenyeji? Beth Elise Whitaker, aliyefanya utafiti magharibi mwa Tanzania katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, alikataa jibu moja. Mkulima mwenye ardhi alipata vibarua wa bei nafuu akapanua shamba. Maskini aliyeishi kwa kulima mashamba ya wengine aliona ujira wake ukishuka. Wenye magari, vyumba vya kupangisha na Kiingereza walifaidika. Zahanati na shule zilipoteza watumishi waliofuata mishahara ya mashirika. Anayesema wakimbizi ni mzigo na anayesema ni neema wote wanasema kweli, kila mmoja akiongelea tabaka lake, na hapa mtazamo wa mgongano hauna mpinzani. Loren Landau naye aliilinganisha Kasulu na Mpwapwa ya Dodoma, wilaya isiyo na kambi, katika kitabu cha mwaka 2008. Aliona kwamba miaka ya mashirika ya misaada iliwafanya watu wa Kasulu wajione Watanzania kwa nguvu, huku wakiitarajia kidogo serikali iwatatulie shida. Durkheim angeyapokea matokeo hayo kwa shauku: mshikamano unaongezeka wakati taasisi inayopaswa kuubeba inasogezwa pembeni.

Karibu kazi zote hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, na nyingi ziko katika maktaba za mbali au nyuma ya malipo ya majarida. Kibondo haina chuo kikuu. Kwamba sosholojia inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kupungukiwa kina si jambo la kubuni: Seithy Chachage, profesa wa sosholojia Mlimani aliyefariki mwaka 2006, alitumia riwaya kufanya kazi hiyo, kuanzia *Sudi ya Yohana* na *Kivuli* za miaka ya 1980 hadi *Makuadi wa Soko Huria* ya mwaka 2002. Msomaji anayeshindwa na ukurasa mmoja wa Parsons humaliza *Makuadi* akiwa ameelewa ubinafsishaji. Ni ajabu kwamba vitabu hivyo husomwa zaidi katika madarasa ya fasihi kuliko ya sosholojia.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayerudi Kigoma kwa utafiti wake hukuta vizuizi vya kawaida. Kambi zinahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na bumu, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu, halitoshi kwa wiki nyingi za nyumba ya wageni. Vijiji jirani havina ugumu wa kibali hicho, na ndivyo vilivyoandikwa kidogo zaidi kwa sasa. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kwa awamu tangu mwaka 2017. Mwanauamilifu atauliza visima na zahanati zilizojengwa kwa ajili ya kambi sasa zinafanya kazi gani na nani anazitunza. Wa mgongano atauliza ujira wa kibarua umepanda au la tangu washindani wake waondoke, na ardhi ya kambi imekwenda kwa nani. Wa jinsia ataanza na mama aliyekuwa akiuza ndizi langoni. Wa mwingiliano atakaa kijiweni na kusikiliza neno mkimbizi linatumikaje sasa, na kwa nani, baada ya wakimbizi wengi kuondoka.